Misingi Iliyotamkwa na Msingi Ulionyamaziwa: Nafasi ya Kanuni za Mwanzo katika Kuundwa kwa Sayansi ya Ikolojia ya Serengeti, 1951–2019

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna kanuni za mwanzo zinavyoiunda sayansi, kwa kufuatilia historia ya ikolojia ya Serengeti tangu hifadhi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1951. Hoja kuu ni kwamba sayansi hiyo ilisimama juu ya misingi minne. Mitatu ilitamkwa wazi: kwamba mfumo una mpaka unaotambuliwa kwa safari za nyumbu; kwamba wanyama wanahesabika kwa njia inayoweza kurudiwa; na kwamba idadi yao hudhibitiwa na sababu zinazoweza kubainishwa. Wa nne haukutamkwa: kwamba binadamu si sehemu ya mfumo. Misingi mitatu iliyotamkwa ilipimwa, ikasahihishwa na kuzaa maarifa. Wa nne ulikaa muda mrefu bila kupimwa, kwa sababu uliingia katika sayansi kwa mlango wa sheria na ramani. Gharama yake ililipwa na sayansi yenyewe na pia na jamii za wilaya za Serengeti na Tarime. Makala inahitimisha kwamba nguvu ya msingi katika kuijenga sayansi haitokani na ukweli wake pekee, bali pia na kutamkwa kwake kwa namna inayouruhusu kupimwa.

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Serengeti, ambayo makao makuu yake ni Mugumu, imepakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kwa upande wa magharibi wa hifadhi hiyo. Kaskazini yake, ng'ambo ya Mto Mara na hadi mpaka wa Kenya, iko Wilaya ya Tarime. Wenyeji wa eneo hili ni pamoja na Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme, na upande wa Tarime hasa Wakurya. Ni jamii za wakulima, wafugaji na wawindaji ambazo kwa vizazi vingi zimeishi kwenye njia ya nyumbu. Kila mwaka makundi hayo huzaa kwenye nyanda fupi za kusini mnamo mwezi Februari, huelekea magharibi na kaskazini masika yanapokwisha, na hukaa kando ya Mto Mara wakati wa kiangazi hadi mvua ziwaite tena kusini.

Katika eneo hilohilo ndipo palipozaliwa mojawapo ya matawi mashuhuri ya ikolojia ya nyika duniani. Maandishi juu yake ni mengi, nayo kwa kawaida hufuata njia mbili. Baadhi husimulia historia ya uhifadhi: sheria, mipaka na migogoro. Mengine hueleza matokeo ya utafiti: idadi za wanyama, malisho, magonjwa na moto. Kilichopewa nafasi ndogo ni swali linaloziunganisha njia hizo mbili: ni kanuni zipi zilizotangulia matokeo, na zilifanya kazi gani katika kuamua kitakachoonekana na kisichoonekana? Swali hili ndilo linaloshughulikiwa hapa. Makala inaanza kwa kufafanua dhana ya msingi, kisha inaichambua misingi mitatu iliyotamkwa, inaufichua wa nne, na hatimaye inaonesha jinsi ile mitatu ilivyoulazimisha wa nne kujitokeza.

2.0 Dhana ya msingi katika sayansi

Swali la misingi ni la kale. Aristotle alishikilia kwamba kila sayansi huanza na kanuni ambazo yenyewe haizithibitishi. Huzipokea, kisha huzitumia kuthibitisha mengine. Euclid aliijenga jiometri kwa utaratibu huo: fasili na kanuni chache kwanza, kisha majumuisho yanayofuata hatua kwa hatua. Kwa mtazamo huu, msingi ni kama jiwe la pembe la nyumba, halihojiwi na mtu anayekaa ndani.

Karne ya 20 ililigeuza swali hilo. Karl Popper, mwaka 1934, alidai kwamba alama ya dai la kisayansi ni uwezekano wake wa kukanushwa. Thomas Kuhn, katika kitabu chake cha mwaka 1962 juu ya mapinduzi ya kisayansi, alionesha kwamba wanasayansi katika kazi zao za kila siku hawaihoji misingi. Hufanya kazi ndani ya paradaimu inayowaambia maswali yapi ni halali na jibu la namna gani linakubalika. Baada yake, Imre Lakatos alijaribu kuzipatanisha fikra hizo kwa kusema kwamba kila mpango wa utafiti una kiini kigumu kinacholindwa, na kuzunguka kiini hicho kuna madai ya pembeni yanayoruhusiwa kubadilika.

Katika maelezo hayo yote, msingi huchukuliwa kuwa kitu ambacho wanasayansi wanakifahamu, au angalau wangeweza kukitaja wakiulizwa. Historia ya Serengeti inaonesha kwamba pana aina nyingine. Kuna msingi unaotamkwa ndani ya sayansi kama dai au kama kanuni ya kazi. Kuna pia msingi unaorithiwa kutoka nje, kwa mfano kutoka katika sheria, utawala au desturi, ambao huonekana kama hali halisi ya mambo wala si dai. Tofauti kati ya aina hizi mbili ndiyo nyenzo ya uchambuzi katika sehemu zinazofuata.

3.0 Msingi wa kwanza: mfumo una mpaka

Hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1951 ilijumuisha pia Ngorongoro, na ndani yake waliishi Wamaasai pamoja na mifugo yao. Mvutano juu ya haki zao za kukaa humo ulisababisha serikali ya kikoloni kutafuta ushauri wa kitaalamu. Mwanaikolojia Mwingereza W. H. Pearsall alifanya uchunguzi mwaka 1956, na ripoti yake ikatoka mwaka uliofuata. Mwaka 1959 mipaka ilibadilishwa: Ngorongoro ilitengwa na kuwekwa chini ya utaratibu wake wenyewe wa matumizi mseto, Wamaasai wakaondoka katika nyanda za Serengeti, na hifadhi ya taifa ikapanuliwa kuelekea kaskazini hadi mpaka wa Kenya.

Wakati mabadiliko hayo yakiandaliwa, Bernhard Grzimek wa bustani ya wanyama ya Frankfurt na mwanawe Michael walikuwa wakiruka juu ya nyanda hizo kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia. Swali lao lilikuwa jepesi kulitamka: makundi yanakwenda wapi? Jibu lao lilikuwa kwamba mipaka mipya isingeyatosha. Sehemu ya safari za wanyama ilibaki nje. Michael alifariki katika ajali ya ndege hiyo tarehe 10 Januari 1959. Kitabu na filamu yao vililifanya jina la Serengeti lijulikane Ulaya na Marekani. Hata hivyo, kwa historia ya sayansi, urithi wao mkubwa zaidi ni lile swali.

Swali hilo lilizaa kanuni. Mradi wa utafiti ulianzishwa Banagi mwaka 1962, wakati John Owen alipokuwa mkurugenzi wa hifadhi za taifa, na mwaka 1966 ukawa taasisi kamili ya utafiti yenye makao Seronera, chini ya uongozi wa Hugh Lamprey. Watafiti waliofuata walikubaliana kwamba kitu wanachokichunguza ni eneo lote linaloguswa na safari ya nyumbu, na kwamba hifadhi ya kisheria ni sehemu tu ya eneo hilo. Eneo hilo lilikadiriwa kuwa takribani kilomita za mraba 25,000, ilhali hifadhi yenyewe ina kilomita za mraba 14,763. Mpaka wa sayansi ukawa mpana kuliko mpaka wa sheria.

Kanuni hii haikuwa tokeo la utafiti. Hakuna kipimo kinachoweza kuthibitisha kwamba mfumo ni mahali anapofika nyumbu, na si mahali yanapotiririka maji ya Mto Mara au panapoishia aina fulani ya udongo. Arthur Tansley, aliyeliingiza neno la mfumo wa ikolojia katika taaluma hiyo mwaka 1935, alitambua mapema kwamba mtafiti huutenga mfumo kwa fikra ili aweze kuuchunguza. Uteuzi wa nyumbu kuwa kipimo cha mpaka ulikuwa uamuzi, na bila uamuzi huo hapangekuwa na kitu kimoja kiitwacho Serengeti cha kufanyiwa utafiti.

4.0 Msingi wa pili: wanyama wanahesabika

Kanuni ya pili ilihusu namna ya kujua. Katika hesabu yao ya mwaka 1958, Grzimek na mwanawe waliwatazama wanyama kwa macho kutoka angani na kupata nyumbu 99,481. Mwaka 1961 Lee Talbot na D. R. M. Stewart walitumia picha zilizopigwa kutoka angani. Baada ya marekebisho yaliyofanywa baadaye, hesabu ya mwaka huo iliwekwa kwenye takribani nyumbu 263,000. Sehemu kubwa ya tofauti kati ya takwimu hizo mbili haikutokana na kuzaliana kwa nyumbu. Ilitokana na tofauti ya mbinu: jicho la mwanadamu, likikabiliwa na kundi linaloijaza nyanda, huhesabu pungufu.

Funzo hilo liliigeuza hesabu kutoka kazi ya ustadi wa mtu binafsi na kuwa utaratibu. Idadi ilikuwa na maana pale tu ilipopatikana kwa njia ambayo mwingine angeweza kuirudia: urefu uleule wa kuruka, mistari iliyopangwa kabla, picha zinazohesabiwa chini kwa utulivu, na makadirio ya makosa. Mwongozo wa Michael Norton-Griffiths juu ya kuhesabu wanyama, uliotoka mwaka 1975, uliukusanya utaratibu huo na kuufanya utumike mbali nje ya Serengeti.

Mfululizo uliopatikana ulikuwa wa kushangaza. Kutoka takribani 263,000 mwaka 1961, nyumbu walifika kama 356,000 mwaka 1963, 439,000 mwaka 1965 na 693,000 mwaka 1971. Kabla ya muongo huo kwisha walikuwa wamezidi milioni 1.2. Kama kila hesabu ingefanywa kwa mbinu yake, ongezeko hilo lingeweza kupuuzwa kuwa ni kosa la mhesabuji. Kwa kuwa mbinu ilikuwa imesimikwa, ongezeko likawa ukweli unaodai maelezo. Hapa kanuni ya pili ilifanya kazi ambayo kanuni nzuri hufanya: ililifanya jambo lisilotarajiwa lisiweze kuepukwa.

5.0 Msingi wa tatu: idadi ina kinachoidhibiti

Maelezo yalitafutwa ndani ya kanuni ya tatu. Mwaka 1954 vitabu viwili vyenye misimamo tofauti vilitoka: David Lack alisisitiza kwamba idadi ya wanyama hudhibitiwa na sababu zinazozidi kukaza kadiri idadi inavyopanda, hasa chakula, Andrewartha na Birch waliipa hali ya hewa na mabadiliko ya mazingira nafasi kubwa zaidi. Watafiti wengi wa Serengeti waliingia uwanjani na dhana iliyo karibu na ile ya Lack: kwamba idadi haiachwi ovyo, kuna kinachoizuia, na kazi ya sayansi ni kukitambua.

Ongezeko la nyumbu lilikuwa mtihani wa kanuni hiyo. Kama idadi ilikuwa imedhibitiwa, kwa nini ilipanda mfululizo kwa zaidi ya miaka 15? Jibu lilipatikana katika ugonjwa wa sotoka. Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikafagia ng'ombe wa Afrika Mashariki pamoja na nyati na nyumbu. Oscar Baumann, aliyepita nchi ya Wamaasai na Serengeti mwaka 1892, aliwakuta watu waliodhoofishwa na njaa baada ya mifugo yao kufa. Tangu hapo ugonjwa haukuondoka. Ulibaki ukiua ndama wa nyumbu mwaka baada ya mwaka.

Katika kituo cha utafiti wa mifugo cha Muguga, Kenya, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo ya sotoka iliyokuwa salama kwa ng'ombe na rahisi kuzalishwa kwa wingi. Ng'ombe wa maeneo yanayozunguka Serengeti walichanjwa. Plowright na McCulloch waliripoti mwaka 1967 kuhusu damu ya wanyamapori wa Kaskazini mwa Tanzania na Kusini mwa Kenya, na picha iliyojitokeza ilikuwa wazi: kingamwili za sotoka zilitoweka kwa nyumbu waliozaliwa kuanzia mwaka 1963 hivi. Hakuna nyumbu aliyechanjwa. Ugonjwa ulikuwa umekatiwa njia kwa ng'ombe.

Ushahidi wa pili ulikuwa wa kulinganisha. Nyati na nyumbu, ambao wote wanacheua na huugua sotoka, waliongezeka. Pundamilia, ambaye hacheui wala haugui sotoka, alibaki karibu na idadi yake ya awali. Anthony Sinclair alizitumia tofauti hizi kujenga hoja kwamba ugonjwa ndio uliokuwa umeikandamiza idadi, na kwamba baada ya kuondoka kwake chakula cha kiangazi ndicho kingekuwa kikomo kipya. Mwaka 1999 Mtanzania Simon Mduma, pamoja na Sinclair na Ray Hilborn, walitumia kumbukumbu za miaka 40 kuonesha kwamba ndivyo ilivyokuwa. Ukame wa mwaka 1993 uliwashusha nyumbu hadi takribani 900,000, na vifo vilifuatana na upungufu wa majani ya kiangazi.

Kwa hiyo kanuni ya tatu ilisalia, lakini ikiwa imesahihishwa vikali. Hali iliyokuwapo miaka ya 1950, ambayo wengi waliiona kuwa uwiano wa asili, ilikuwa hali ya mfumo uliokuwa bado chini ya janga la miaka ya 1890. Jambo kama hilo lilitokea kwa miti. Mwaka 1967 Lamprey na wenzake waliandika juu ya tembo walioingia hifadhini, wakautaja mwendo huo kuwa uvamizi; miti ilikuwa ikianguka na hofu ilikuwa kwamba uwiano unavunjika. Mwaka 1990 Holly Dublin, Sinclair na McGlade walionesha kwamba moto na tembo kwa pamoja vinaweza kulifanya eneo lilelile lidumu ama likiwa na miti ama likiwa nyasi tupu. Dhana ya uwiano mmoja ikaachia nafasi dhana ya hali kadhaa zinazoweza kudumu.

6.0 Msingi ulionyamaziwa: binadamu yuko nje

Misingi mitatu iliyojadiliwa inaweza kusomwa katika maandishi ya watafiti wenyewe. Wa nne hauwezi kusomwa hivyo. Ulikuwamo katika mpaka wa kisheria, katika neno "ujangili", na katika ramani za utafiti ambazo mara nyingi ziliishia pale uwanda wa hifadhi ulipoishia.

Chimbuko lake si ikolojia. Tansley mwenyewe, katika andiko lile la mwaka 1935, alitaka shughuli za binadamu zipewe nafasi yake ndani ya ikolojia. Chimbuko lake ni utawala. Janga la miaka ya 1890 liliwatawanya watu wa magharibi mwa Serengeti. Vichaka vikaenea na mbung'o wakaenea pamoja navyo. Wajerumani walijenga boma Ikoma mwanzoni mwa karne ya 20 na kukuta nchi ambayo sehemu zake zilionekana tupu. Waingereza waliofuata waliifanya pori la akiba, kisha hifadhi ya taifa. Nchi iliyokuwa imeachwa na watu kwa sababu ya msiba ikaandikwa kuwa nchi ambayo kwa asili haina watu. Waikoma na Wanata, ambao uwindaji wao ulikuwa sehemu ya uchumi wao na waliouza mikia ya nyumbu kwa Wasukuma ili kupata mifugo, wakawa wahalifu katika mapori waliyoyajua kwa majina. Hifadhi ilipopanuliwa kaskazini, na katika miaka ya 1960 eneo la Lamai ng'ambo ya Mto Mara lilipoongezwa, Wakurya nao wakapoteza ardhi.

Sayansi iliyoingia mwaka 1962 ililipokea gawanyo hilo kama hali halisi. Kwa kuwa halikuwa dai la mtafiti yeyote, hakuna mtafiti aliyewajibika kulithibitisha. Matokeo yanaonekana katika takwimu. Nyumbu walihesabiwa mara kwa mara kwa ajili ya sayansi yenyewe. Watu wa vijiji vinavyopakana na hifadhi walihesabiwa na sensa za taifa za 1967, 1978 na 1988, kwa madhumuni mengine. Mtafiti alikuwa na mfululizo wa kumwambia nyumbu wameongezeka kiasi gani. Hakuwa na mfululizo wa aina hiyo juu ya ng'ombe, mbwa, mashamba na wawindaji waliokuwa ndani ya zile kilomita za mraba 25,000.

Ilhali maarifa ya kuuhoji msingi huo yalikuwapo. Mwaka 1971 John Ford alichapisha uchambuzi wa nafasi ya malale na nagana katika ikolojia ya Afrika. Mwaka 1977 Helge Kjekshus, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alidai kwamba kabla ya ukoloni jamii za Afrika Mashariki zilidhibiti mazingira yao kwa kilimo, ufugaji na moto, na kwamba majanga ya miaka ya 1890 ndiyo yaliyouvunja udhibiti huo. Dai la Kjekshus lilikosolewa. Juhani Koponen, mwaka 1988, alionesha kwamba picha yake ya enzi za kabla ya ukoloni ilikuwa nzuri kupita kiasi. Lakini lilikuwa dai lililotamkwa, na ndiyo maana lilikosoleka. Msingi uliokuwa kinyume chake, ule wa nyika isiyo na watu, ulipita bila kukosolewa kwa kiwango hicho kwa sababu hakuna aliyeuandika kama nadharia.

Gharama kwa sayansi ilikuwa halisi. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, utalii ulishuka, fedha za doria zikapungua, na katika miaka iliyofuata nyati wa kaskazini walipungua sana na faru wakakaribia kutoweka. Mfumo unaoelezwa kwa chakula, mvua, ugonjwa na wanyama wala nyama usingeweza peke yake kuieleza hali hiyo. Ilibidi uwindaji na doria viingie katika mlinganyo, kama ilivyofanywa na Hilborn na wenzake mwaka 2006 kwa kutumia kumbukumbu za doria. Gharama kwa wananchi ilikuwa kubwa zaidi. Palipo na msingi kwamba mtu ni usumbufu, maswali ya kiasi hayaulizwi: ni uwindaji wa kiasi gani ambao nyumbu wanaweza kuuhimili, ni mifugo mingapi, ni moto wa msimu upi. Jibu la jumla hutangulia swali.

7.0 Jinsi misingi iliyotamkwa ilivyomrudisha binadamu

Mtu hakurudishwa katika ikolojia ya Serengeti kwa huruma wala kwa siasa pekee. Alirudishwa kwanza na misingi ileile mitatu, ilipofuatwa hadi mwisho wake.

Kanuni ya udhibiti ilimrudisha kupitia sotoka. Ushindi mkubwa wa kimaelezo wa sayansi hii, yaani ongezeko la nyumbu, ulitegemea ng'ombe wa watu waliohesabiwa kuwa nje ya mfumo. Ugonjwa ulifika kwa ng'ombe, na uliondolewa kwa kuwachanja ng'ombe. Mwaka 2009 Ricardo Holdo na wenzake waliurefusha mnyororo huo: sotoka ilipoondoka nyumbu waliongezeka, wakala majani, moto ukapungua, na miti ikarudi. Miti ya hifadhini, kwa maelezo hayo, ina historia inayopita katika zizi la mfugaji. Mwaka 1994 jambo kama hilo lilijirudia kwa upande wa msiba: ugonjwa wa virusi wa mbwa uliwaua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijijini wakatajwa kuwa chanzo. Kuwachanja mbwa wa vijiji vya jirani kukawa sehemu ya kazi ya kisayansi.

Kanuni ya mpaka ilimrudisha kwa njia ya moja kwa moja zaidi. Kama mfumo ni mahali anapofika nyumbu, basi ardhi ya Robanda na vijiji vingine vya Ikoma na Nata imo ndani ya mfumo, kwa kuwa nyumbu hupita humo kila mwaka. Kufafanua mfumo kwa safari ya nyumbu na papo hapo kuwaweka nje watu wanaoishi kwenye safari hiyo ni mkinzano, na mkinzano huo ulikuwamo tangu miaka ya 1960. Kuundwa kwa Ikona, jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori ambayo jina lake limeunganisha Ikoma na Nata, kulikuwa kukiri kisheria jambo ambalo fasili ya kisayansi ilikuwa imeshalisema.

Mabadiliko haya yanafuatilika hata katika majina ya majuzuu manne ambayo Sinclair na wenzake walihariri kuhusu Serengeti. La kwanza, la mwaka 1979, linataja mienendo ya mfumo wa ikolojia. La pili, la mwaka 1995, linaongeza uhifadhi. La tatu, la mwaka 2008, linataja athari za binadamu. La nne, la mwaka 2015, linazungumzia mfumo ambamo binadamu na asili vimefungamana. Kati ya la tatu na la nne pana hatua ya kinadharia: neno "athari" bado linamweka mtu nje akiusukuma mfumo, ilhali neno "kufungamana" linamweka ndani. Wakati huohuo historia nayo ilichangia. Jan Bender Shetler, mwaka 2007, alitumia masimulizi ya wazee wa magharibi mwa Serengeti kuonesha kwamba mandhari hiyo ilijulikana, ilipewa majina na ilitumiwa na watu kwa utaratibu. Hatua hiyo bado haijakamilika. Utafiti wa Michiel Veldhuis na wenzake wa mwaka 2019 ulionesha namna ongezeko la watu na mifugo pembezoni linavyobadilisha malisho na moto ndani kabisa ya hifadhi. Lakini hata humo lugha ya athari zinazovuka mpaka ndiyo iliyotumika.

8.0 Pingamizi na hitimisho

Inaweza kupingwa kwamba kila sayansi hurahisisha, na kwamba kumwacha mtu nje kulikuwa urahisishaji halali. Galileo aliuondoa msuguano ili aone sheria ya mwendo. Kwa nini wanaikolojia wasimwondoe mkulima ili waone sheria ya malisho? Jibu ni kwamba Galileo alijua kuwa ameuondoa msuguano, na waliokuja baada yake walijua mahali pa kuurudisha. Urahisishaji uliotamkwa ni deni lililoandikwa daftarini. Katika Serengeti deni halikuandikwa. Wakati wa kulilipa ulipofika, ilibidi kwanza ithibitishwe kwamba lipo.

Inaweza pia kupingwa kwamba bila hifadhi isiyo na watu pasingekuwa na nyumbu wa kuchunguzwa. Hilo ni dai la kisera lenye hoja zake, na makala hii hailikatai wala hailithibitishi. Inachosisitiza ni kwamba dai hilo nalo linahitaji kupimwa kwa takwimu za watu na mifugo zilizokusanywa kwa uangalifu uleule uliotumika kwa nyumbu, na msingi ulionyamaziwa ndio uliochelewesha ukusanyaji wake.

Majumuisho matatu yanafuata. Kwanza, misingi huiunda sayansi kwa kuamua kitu cha kuchunguzwa, njia ya kukijua na aina ya jibu linaloridhisha. Ikolojia ya Serengeti isingekuwapo bila mpaka wa nyumbu, hesabu za angani na dhana ya udhibiti. Pili, ubora wa msingi haupimwi kwa kudumu kwake. Dhana ya uwiano ilianguka, lakini kwa kuwa ilitamkwa, anguko lake lilikuwa maarifa. Tatu, msingi wenye hatari zaidi ni ule unaorithiwa kutoka nje ya sayansi ukiwa umevaa sura ya hali halisi. Hauonekani katika sura ya nadharia ya tasnifu. Hupatikana katika ramani ya eneo la utafiti, pale mstari unapochorwa.

Kwa watafiti wa baadaye katika wilaya za Tarime na Serengeti, pendekezo ni mahususi: kila utafiti wa ikolojia unaofanywa huko ueleze waziwazi ni nani aliyeuchora mpaka wa eneo lake la utafiti, kwa sababu gani, na ni nini kilichoachwa upande wa pili wa mpaka huo.